Mama Hakuwahi Kumwona Aliyepona

Sitataja jina la mtu hapa, hata langu. Si kwa kuogopa. Kwa umri huu nimwogope nani? Ni kwa sababu habari hii ina siri ya marehemu ndani yake, na mimi nililelewa katika nyumba ambamo siri ya marehemu haiguswi. Mama yangu alikuwa mwosha maiti wa wanawake katika mtaa wetu wa Waswahili, pale Gisenyi kando ya ziwa, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wako juu yetu. Akifariki mwanamke Mwislamu, awe wa mtaani, awe wa Rubona kule bandarini, hata wa Goma ng'ambo ya mpaka, watu walimfuata mama. Alichukua sabuni yake, kafuri yake na vitambaa vya kufungia mikono, akaenda. Akirudi tulimtania, "Mama, huko kukoje?" Alijibu, "Kuko maji." Basi, hukupata neno la pili.

Mwosha anaona kila kitu. Anaona makovu ya fimbo ya mume, anaona mimba ambayo haikutangazwa. Anaosha, anafunika, anapita. Mama alisema anayetoa siri ya maiti, siku yake ikifika, hatapata wa kumfunika. Hilo alilishika kuliko nilivyoona watu wakishika hata sala tano.

Mimi nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na cherehani ya mkono na meza kwenye baraza, watoto wawili, na mume dereva wa lori aliyekuwa akiteremsha viazi kutoka Bugeshi. Miaka thelathini nilikuwa sijaifikia. Nilikuwa mkali wa mdomo, na bado. Mume wangu alizoea kuwaambia wateja kwamba mkasi wangu mkubwa hauko mezani, uko kinywani.

Siku moja nikioga niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kama punje ya harage. Hakikuuma, nikakiacha. Baada ya wiki kadhaa kilikuwa bado kipo, nikamwonyesha mama. Vidole vyake vilizoea miili. Havikuwa na haya wala haraka. Vilitafuta, vikafika pale, vikasimama. Kisha akanifunga vifungo vya blauzi yeye mwenyewe, kimoja kimoja, jambo ambalo hakulifanya tangu nikiwa mdogo.

"Inauma?" aliuliza.

"Haiumi."

"Ingeuma ingekuwa jipu. Ile ya kuuma iko na huruma."

"Sasa hii itapona, mama?"

Mama hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumpa mtu usingizi. Alinitazama, macho yakamjaa. "Mutoto wangu, mi nimeosha wanawake wengi wenye ile kitu. Sijaona hata mumoja aliyepona."

Hebu fikiri maneno hayo, nami niliyameza mazima mazima! Angemwona wapi aliyepona, mwosha maiti? Aliyepona alikuwa sokoni akigombana na wauza samaki. Lakini wakati ule sikufikiri hivyo, na hakuna aliyefikiri hivyo mtaani kwetu. Ugonjwa ule wanawake waliuficha chini ya kanga mpaka harufu ikawataja, na baada ya hapo hakukuwa na siri tena, mtaa mzima ulijua. Mama ndiye aliyeuona mwisho wao. Kwa hiyo juu ya jambo hilo neno la mama lilikuwa na uzito kuliko la munganga yeyote wa hospitali.

Mume wangu alinipeleka hospitali hata hivyo. Msaidizi wa daktari alikuwa mtu wa kwetu, aliyechanganya Kifaransa, Kinyarwanda na Kiswahili katika sentensi moja bila kuona aibu. Alimwita daktari mzungu, huyo akanigusa, wakazungumza Kifaransa. Kisha yule mtu wa kwetu akageuka.

"Anasema pengine iko kanseri. Lazima uende Bukavu, kule wanakata. Wanatoa titi yote, na nyama ya chini, mpaka kwapani. Anasema leo ingali kidogo, donc, basi, iko nafasi."

"Nafasi kiasi gani?" mume wangu aliuliza.

Swali likatafsiriwa. Daktari akainua mabega.

Mabega yale ndiyo yaliyoniharibia. Leo najua kwamba mtu yule alikuwa mkweli: hakujua, na hakutaka kunidanganya. Wakati ule niliona mzungu mwenye dawa zake zote na gari lake naye anasema kama mama. Sasa nikatwe ya nini? Nikavaa, nikatoka, mume wangu nyuma yangu akiita.

Nyumbani mama alikuwa akinisubiri. "Usikubali kisu," alisema. "Ile kitu ikiguswa na kisu inakasirika, inatawanyika mwili muzima. Mumoja alikatwa kule. Alirudi, hakumaliza miezi mitatu."

Kweli alikuwapo mama mmoja aliyekatwa. Alikwenda wakati titi limekwisha kupasuka, amebebwa kwenye machela. Hilo mama hakulitia katika hesabu, nami sikuuliza.

Mume wangu alijaribu. "Mi nasema uende," alisema.

"Nenda wewe ukakatwe," nilimjibu. "Ukirudi utaniambia ni tamu."

Hakubishana nami tena. Hakuwa mtu wa maneno. Ila kila wiki, akimaliza kula, alikuwa akisema neno moja, utadhani anaongea na sahani: "Meli ya Bukavu iko Alhamisi." Alilisema hivyo wiki baada ya wiki, nami nikijifanya sikusikia.

Sasa lazima nimlete mtu mwingine, ndiye mwenye habari hii kuliko mimi. Kulikuwa na mwanamke mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Tumwite mama wa vitambaa. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye mali yake na mume aliyeshinda safarini Usumbura, kwenye makao makuu ya Wabelgiji. Vitambaa vyangu vyote nilichukua kwake. Watu walisema ana maringo. Kitambaa kikiwa rafu ya juu hakuinua mkono kukishusha. Alikuambia wewe panda kigoda ukishushe mwenyewe. Na katika kupima, kila muuza nguo mjini alipima kwa mkono, unanyoosha kitambaa kutoka katikati ya kifua mpaka ncha za vidole, huku ukihesabu. Yeye hapana. Alikuwa na mita ya chuma iliyopigiliwa misumari kwenye ukingo wa meza, akalaza kitambaa juu yake kama Mzungu wa posta. Tulimcheka. Wengine walisema anaogopa kumzidishia mteja sentimita mbili.

Siku niliyokwenda kuchukua uzi, hakukuwa na mtu dukani. Aliniambia nikae. Sikukaa.

"Mama yako alikuja hapa juma lililopita," alisema. "Alinunua marikani nyeupe, ya sanda. Ya mwanamuke, tena ya mutu murefu. Nilimuuliza nani amekufa. Akasema hakuna."

Mtu mrefu wa kike katika nyumba yetu ni mimi. Nikashika meza.

"Mutoto wangu," alisema, na sauti ikashuka, "kama iko kile ninachowaza, nenda kwa munganga. Nenda sasa, usingoje. Ukienda mapema unapona."

Aliyasema kwa upole, naapa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kusikia kwamba mama yangu mzazi ameninunulia sanda, na hasira haikujua pa kwenda. Ikaenda kwake.

"We unajua nini?" nilimwambia. "Umekaa na mita yako na mali yako, ugonjwa unaujulia wapi? Uza vitambaa."

Alifungua mdomo. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka kwenye shingo ya gauni lake, pale kwenye kifungo cha kwanza, ukakaa hapo. Nilidhani nimemchoma, nikafurahi. Kisha akaushusha, akanipa uzi wangu, akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atakusaidia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa akichambua maharage.

"Umeninunulia sanda?"

Hakukana. "Nguo haiozi," alisema. "Ikikaa inakaa. Sikutaka siku hiyo nianze kuhangaika madukani kwa ajili ya mutoto wangu mwenyewe. Nilitaka niwe nimeshaiweka." Kisha akalia, mama yangu asiyelia kwenye misiba ya watu, akalia mpaka maharage yakamwagika. Nilikuwa nimekuja kugombana. Nikajikuta nimepiga magoti naokota maharage. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mama amekwisha kunizika, na kwamba yeye ndiye mfiwa.

Miezi ikapita hivyo. Nilishona. Kile kitu kikakua, kikawa kama yai la njiwa, na ngozi juu yake ikaanza kujikunja. Nililala upande wa kulia tu. Watoto wakinirukia kifuani nilipiga kelele kabla hawajanigusa. Mume wangu akasema meli iko Alhamisi. Mama akanipikia kila kitu nilichopenda, ndizi, nyama, mchuzi wa njugu, kama mtu anayemlisha msafiri.

Kisha mvua zikaja, na mama wa vitambaa akapata homa ya mapafu. Alikohoa siku nne, ya tano akafa asubuhi. Duka lake lilikuwa limefungwa tangu aanze kuumwa, mumewe yuko Usumbura, na hakuna aliyejua funguo alikoziweka. Watu wakamfuata mama.

Mimi nilikwenda msibani kama watu wote, nikakaa uani na wanawake, juu ya mkeka. Nilikuwa na aibu yangu kwa sababu ya maneno yale ya dukani. Sikuwa nimemwomba radhi. Chumbani mama alikuwa akiosha pamoja na binamu wa marehemu, aliyekaa upande wa miguuni na kumimina maji huku uso ameugeuza, maana kuosha kwenyewe hufanywa chini ya nguo, kwa mkono uliofungwa kitambaa. Niliisikia sauti ya maji. Halafu ikakatika.

Mlango ukafunguka kidogo. Binamu akatoka na ndoo, akisema ametumwa kuongeza maji moto jikoni. Nyuma yake kikatoka kichwa cha mama.

"We," aliniita. "Njoo unisaidie. Maji ni mazito."

Nilishangaa. Mama alijua naogopa maiti kama nini. Hakuwa amepata kuniita hata siku moja maishani mwake, na pale uani walikaa wanawake kumi wenye mikono yenye nguvu kuliko yangu. Mmoja aliinuka kwenda badala yangu. Mama akasema, "Hapana, huyu." Nikaingia. Akafunga mlango.

Hakuniambia kitu. Nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeniuliza, duniani na akhera: mama hakutamka neno juu ya alichokiona, hakunyoosha kidole. Alinipa kata ya maji. "Mimina," alisema. Kisha akaikunja ile nguo iliyomfunika marehemu, akaikunja upande wa kushoto tu, kipande cha kutosha mkono kupita.

Upande ule hakukuwa na titi. Palikuwa tambarare, mbavu zikionekana chini ya ngozi, na kovu refu likitoka kwapani kuja katikati ya kifua. Lilikuwa kovu la zamani sana, limepauka, laini kama alama ya moto wa utotoni. Halikuwa na kidonda wala uvimbe. Huyu mtu alikuwa amekufa kwa mapafu, akiwa na mvi, baada ya miaka ambayo sikuweza hata kuikisia.

Nilimimina. Mama aliosha pale mara tatu, polepole, kuliko ilivyotakiwa. Moyoni niliona ile mita ya chuma kwenye meza ya dukani. Niliona kwa nini hakuweza kunyoosha kitambaa kutoka kifuani, kwa nini hakuinua mkono kwenye rafu. Niliona mkono wake wa kulia kwenye kifungo cha kwanza cha gauni, siku ile. Alikuwa anataka kunionyesha, nami nikamwambia auze vitambaa! Nikainama karibu na sikio la marehemu, nikasema, "Nisamehe, mama." Ndivyo nilivyoomba radhi, kwa mtu asiyeweza kuikubali wala kuikataa.

Mama akarudisha nguo, akafunika. "Umemimina vizuri," alisema. "Toka, ukanawe."

Kama angerudi nyumbani akaniambia, "Leo nimemwona mmoja aliyepona," hata bila jina, nani asingejua ni nani? Alikuwa ameosha mtu mmoja tu siku hiyo. Akisema, amevunja amana ya marehemu. Akinyamaza, nami nife. Akapata njia nyembamba katikati ya hayo mawili, akanipitisha.

Lakini siku haikuishia hapo. Wanawake wakauliza sanda iko wapi. Duka limefungwa, marikani ya mjini ilikuwa humo tu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Walianza kubishana nani atumwe Goma. Mama akatoka na mikono imelowa.

"Katika sanduku yangu, chini kabisa, iko marikani," aliniambia mbele ya wote. "Lete."

Nilikwenda. Nilifungua sanduku la mama, nikatoa nguo yangu ya kaburi kwa mikono yangu, nikaibeba chini ya mwavuli ili isilowe. Mama aliikunjua, akaanza kuipima kwa mwili wa marehemu. Binamu wa marehemu, aliyekuwa amerudi na maji, akasema, "Imezidi."

"Ilikuwa ya mutu murefu," mama alisema.

"Sasa huyo mutu je?"

Mama alichukua mkasi. "Hana kazi nayo tena," alisema, akakata.

Jioni mume wangu alikula, akaisafisha sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali. Kabla hajafungua mdomo nikamtangulia.

"Meli iko Alhamisi?"

Aliisukuma sahani kando. "Iko Alhamisi," alisema.

Bukavu sitairefusha. Meli ilitembea siku nzima, nikatapika. Daktari wa huko aliponipima aliuliza tangu lini. Nilipomwambia alipiga meza kwa kiganja na kusema maneno ambayo mtawa aliyekuwa akitafsiri aliyapunguza. Walinifunika pua kwa kitambaa chenye harufu ya kuchoma, nikahesabu mpaka sita. Nilipoamka nilikuwa nimefungwa bandeji kiunoni mpaka shingoni, na mkono wa kushoto ulikuwa kama si wangu.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja kutoka upande wa milimani, aliyekuwa amekuja na kidonda kilichofunguka. Alijua hana safari ya kurudi. Aliniuliza yangu ilikuwa kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole na gumba. Akasema, "Ayi we, yangu pia ilikuwa hivyo," akageukia ukuta. Alikufa kabla sijatolewa nyuzi. Mtu asidhani kwamba nasema kisu kinaponya wote. Siku ya kuondoka nilimuuliza daktari kama nimepona, naye akaleta mabega yale yale! Lakini safari hii aliongeza maneno: "Nimetoa nilichokiona. Nisichokiona sikijui. Miaka mitano ikipita ukiwa mzima, njoo unisalimie."

Nilirudi Gisenyi. Mkono ulivimba, ukapungua, haukupanda tena juu ya bega. Nilishindwa kupima kitambaa kwa kifua. Mume wangu akaniletea mita ya chuma, akaipigilia kwenye ukingo wa meza. Hakuna aliyenicheka, au walinicheka nikiwa sipo.

Na sasa nitasema jambo linaloniaibisha kuliko yote. Kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na mama wa vitambaa. Nilijiambia, miaka yote ile amekaa dukani, wanawake wanakufa mmoja baada ya mwingine, naye anawakatia sanda, kifungo amekifunga! Alikwenda kukatwa Usumbura, nadhani, zamani, mwaka mmoja aliokaa huko majira yote ya mvua na watu wakasema ametafuta dawa ya uzazi. Aliogopa kuachwa, aliogopa kuitwa mchawi, aliogopa kuonewa huruma. Nilimhukumu. Je, mimi nilifanya nini? Nilisema nimekwenda Bukavu kukatwa tumbo, kutolewa apandisi. Nilishona sidiria nikaijaza pamba upande mmoja. Mbele ya watu nilivaa kanga hata wakati wa jua kali. Mama aliniunga mkono. "Ya mutu ni ya mutu," alisema. "Tena usiseme umepona. Miaka mitano haijafika. Usiiamshe ile kitu."

Mama mwenyewe alikuwa na lake lililomla. Mara kwa mara, tukiwa peke yetu, aliniuliza, "Siku ile nilikuita kwa sababu gani?"

"Maji yalikuwa mazito, mama."

"Ndiyo," alisema. "Yalikuwa mazito." Alitulia mwezi, kisha akauliza tena.

Mwaka wa tatu tangu nikatwe, mwali mmoja wa mtaani, aliyekuwa ameolewa punde, aliniletea kitambaa cha gauni. Nilipompima kifua alirudi nyuma. Nilimjua mtu anayerudi nyuma vile. Nikamuuliza polepole tangu lini. Alikana, kisha akasema miezi miwili, kisha akasema hakuna faida, kila mtu anajua haina dawa, na akamtazama mama yangu aliyekaa pembeni akichambua maharage, kwa sababu neno hilo mtaa mzima ulilipata kwake.

"Nenda kwa munganga," nilimwambia. "Ukienda mapema unapona."

Alicheka kwa hasira, machozi yakimtoka. "We unajua nini?"

Yalikuwa maneno yangu, hata sauti ilikuwa yangu. Mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe mpaka kwenye kifungo cha kwanza, ukasimama. Niliwaza majirani. Niliwaza miaka miwili iliyobaki, na kwamba ninaiamsha. Nitasema ukweli: nilikuwa karibu kuushusha mkono.

Mama aliweka ungo chini. Aliinuka kwa shida, magoti yalikuwa yamekwisha kumsumbua, akatushika wote wawili mabega akatuingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo. Niliogopa atanikataza.

"Muonyeshe," alisema. "We uko hai. Ya mutu hai haiko amana yangu."

Nikafungua. Nilifungua vifungo vyote, nikatoa pamba nikaiweka mezani. Mwali alitazama kwa muda, kisha akanyoosha kidole akagusa, kama mtu anayegusa chuma kujua kama bado ni cha moto. Aliuliza kama kovu linauma. Nikasema mvua ikitaka kunyesha. Aliuliza mume wangu alisema nini. Nikasema alipigilia mita.

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Meli ya Bukavu iko lini?" aliuliza.

Nilikuwa nafunga vifungo, kwa mkono mmoja ni kazi. Mama alinijibia.

"Iko Alhamisi," alisema.